Kibwebwe cha ndani: miezi miwili na yoga ya nguvu ya dakika 20

Mimi ni fundi cherehani hapa Mikindani, na ugonjwa wa kazi yetu kila fundi anaujua: kiuno. Desemba, sare za shule zikirundikana, jioni nilikuwa nainuka kitini huku nimeshika meza. Shoga yangu wa Shangani ndiye aliyenionyesha programu ya simu yenye masomo mafupi ya yoga ya nguvu, dakika 20 kila moja. Nikalipia mwezi, shilingi 9,000, nikapakua masomo yote siku bando lilipokuwepo.

Nilidhani yoga ni kufumba macho na kutulia. Hii hapana. Asili yake ni ashtanga, aina ya yoga aliyokuwa akiifundisha mwalimu Pattabhi Jois kule Mysore, India. Miaka ya 1990 walimu wa Marekani wakaichukua, wakaacha ule mpangilio wake wa mikao usiobadilika, wakaiita yoga ya nguvu. Unatoka mkao mmoja kuingia mwingine kwa kufuata pumzi, na dakika ya tano tu, kwa joto la Mtwara, jasho linadondoka puani.

Mkao ulionitesa ni ubao. Viganja chini, vidole vya miguu chini, mwili umenyooka, sekunde 30. Siku ya kwanza nilianguka kwenye 12. Mwalimu anasema "vuta kitovu kuelekea mgongoni", nami sielewi, navuta pumzi tu. Mpaka siku moja nikakumbuka ninavyojifunga kibwebwe nikienda kubeba maji. Ndicho hicho, ila unakifunga kwa misuli yako mwenyewe, kuzunguka tumbo, mbavu na mgongo wa chini. Tangu hapo kiuno hakibonyei, na sekunde 30 nazimaliza nikiwa bado napumua.

Halafu kuna mashua: unakalia makalio, miguu na kifua juu, mwili kama herufi V. Mama akanichungulia dirishani, akasema, "Mwanangu, mashua yako inavuja, inatetemeka yote." Bado inatetemeka, lakini haizami.

Malalamiko ninayo. Mwalimu ana haraka. Somo la nne anashuka kutoka kwenye ubao hadi karibu na sakafu, viwiko vimebana mbavu, bila kueleza chochote. Viganja vikaniuma wiki nzima. Sasa naweka magoti chini kwanza. Mkeka wa ukindu nao haufai, kwenye marumaru unateleza kama ngalawa. Nimehamia uani kwenye sakafu ya saruji, na kanga kuukuu pembeni ya kufutia viganja. Na usifanye umeshiba. Nilijaribu mara moja baada ya ugali wa muhogo na samaki, yaliyonikuta nayaacha hapohapo. Mimi nafanya baada ya swala ya alfajiri, kabla ya chai. Mwenye mimba, au mwenye maumivu yanayoshuka mpaka mguuni, amwone daktari kwanza.

Anayetaka tumbo lipungue, langu halijapungua hata kidogo, vipimo vya magauni yangu ni vilevile. Nilichopata ni kwamba nakaa kwenye cherehani mpaka alasiri bila kujinyonganyonga, na ndoo ya lita 20 naiinua bila kusema "yarabi". Mwezi wa tatu nimeshaulipia. Somo la nne naliruka.