Kruza (pikipiki ya kiti cha chini na mkao wa kutulia) ya watu wawili: Honda Rebel 500 au Kawasaki Vulcan S?

Kwa mwendeshaji mfupi, Rebel 500 inavutia papo hapo. Kiti kiko milimita 690 tu kutoka ardhini, uzito ni kama kilo 190, na injini ya cc 471 ni tulivu mkononi. Vulcan S ya cc 649 ina kiti cha milimita 705, tofauti ndogo sana, lakini inazidi kilo 220. Uzito huo utausikia ukiikokota kuitoa kwenye maegesho.

Sasa mpandishe mwenzako. Kiti cha nyuma cha Rebel ni kidogo na chembamba. Mjini sawa, safari ndefu hapana. Vulcan S hupimwa kama suti kwa fundi cherehani: vikanyagio vya mwendeshaji vina nafasi tatu, viti na usukani vipo vya vipimo tofauti, na egemeo la mgongo la abiria huongezwa. Mke wangu hutazama goti lake kwanza. Likipanda juu ya nyonga, anashuka.

Mimi ningechukua Vulcan. Ila nendeni dukani wote wawili, mkae juu yake pamoja dakika kumi, na abiria aseme kwanza.