Instagram au X: daktari wa Malindi atazame wapi?

Binti wa shangazi yangu, daktari hapa Malindi, anataka kusomea ubingwa wa magonjwa ya watoto Marekani. Tangu 2020, Korona ilipohamishia mahojiano ya waombaji kwenye video, programu nyingi za mafunzo ya ubingwa za huko zilifungua kurasa Instagram na X, enzi hizo ikiitwa Twitter. Jioni tunazipitia pamoja barazani.

Instagram ina sura za watu. Utawaona madaktari walio mafunzoni wakila pamoja, wakiingia zamu, na kila Machi picha za madaktari wapya waliochaguliwa kujiunga. Kwa mtu ambaye huenda asiikanyage hospitali hiyo kabla ya kuichagua, hilo si dogo. Lakini picha huteuliwa na mwenye ukurasa. Uchovu wa zamu inayoweza kufika saa 24 huuoni. Ndiyo maana humwambia, "Mdogo wangu, mwandikie aliye mwaka wa kwanza, umuulize analala saa ngapi."

X ni ya maneno: tafiti, mijadala ya tiba, matangazo ya vikao vya mtandaoni vya waombaji. Inafaa, ila kikao cha Septemba cha saa moja jioni New York kwetu ni saa nane usiku, naye asubuhi ana wagonjwa. Mimi nachagua Instagram.