SSD Ikifa Ghafla: Ipi ya Kununua Ukiwa Mbeya au Iringa

Diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka, kwa kawaida huaga kabla ya kufa: hugongagonga, huchelewa kufungua faili, na mwenye kompyuta aliye makini hupata siku chache za kuhamisha kazi zake. SSD, yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu, haina sehemu yoyote inayosogea, kwa hiyo mara nyingi haitoi dalili ya namna hiyo. Asubuhi moja ya Julai, baridi ya Uyole ikiwa haijapungua, niliwasha kompyuta mpakato yangu nikakuta maandishi meupe yakieleza kwamba hakuna diski ya kuwashia, ilhali usiku uliotangulia nilikuwa nimejaza alama za wanafunzi bila tatizo lolote. SSD iliyokufa ilikuwa ya bei ya chini, isiyo na jina la kiwanda ninachokifahamu, na niliinunua kwa haraka. Alama za muhula mzima nilizirudia kutoka kwenye makaratasi kwa siku nne. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu aliye katika hali hiyo leo, ambaye kesho ataingia dukani akiwa na fedha kidogo na hofu nyingi.

Inafaa kwanza kuelewa kilichokufa. Ndani ya SSD kuna chipu zinazohifadhi data na kuna kidhibiti, yaani chipu inayojua kila kipande cha data kimewekwa wapi. Kidhibiti kikiungua, au programu dhibiti yake (maagizo yaliyowekwa ndani yake na kiwanda) ikikwama, data inaweza kuwa bado imo ndani ya chipu lakini hakuna njia ya kawaida ya kuifikia. Hata bidhaa za gharama kubwa hazina kinga kamili: Novemba 2019 kampuni ya HPE iliwatangazia wateja wake kwamba baadhi ya SSD zake za seva zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, sawa na miaka 3, siku 270 na saa 8, kwa sababu ya kasoro katika programu dhibiti, na kwamba data iliyomo isingeweza kurejeshwa.

Sababu nyingine iko karibu zaidi nasi, nayo ni umeme. Kompyuta nyingi tunazonunua zikiwa zimetumika huja na betri iliyochoka, na mwenye nayo huzoea kuitumia ikiwa imechomekwa ukutani muda wote. Umeme ukikatika, kompyuta hiyo huzimika papo hapo, na SSD iliyokuwa katikati ya kuandika ile ramani yake ya data inaweza kubaki na ramani iliyovurugika. Kama hali yako ndiyo hiyo, tenga fedha ya betri pamoja na ya SSD. Nalisema hili kwa mkazo kwa kuwa nimeona watu wakibadilisha SSD mara mbili huku betri mbovu ikiachwa mahali pake.

Kabla ya kununua chochote

Ingia kwenye BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kabla Windows haijawaka, uangalie kama SSD inaonekana kwa jina lake. Ikionekana, lakini Windows haiwaki, usikubali fundi afomati kabla ya kunakili data. Kompyuta inaweza kuwashwa kwa Linux iliyo kwenye flashi, na faili zikahamishiwa kwenye diski nyingine. Isipoonekana, zima kompyuta, ichomoe SSD na kuirudisha vizuri, kisha iwashe na uiache kwenye ukurasa wa BIOS kwa dakika 20 hivi, uizime kwa nusu dakika, na urudie mara moja. Baadhi ya SSD zilizokwama baada ya umeme kukatika huamka kwa njia hii, na ikiamka kazi ya kwanza ni kunakili. Ikibaki kimya, programu za kurejesha faili hazitakusaidia, kwa sababu haziwezi kusoma diski ambayo kompyuta yenyewe haiioni. Hapo linabaki suala la wataalamu wenye vifaa maalumu, ambao gharama yao mara nyingi huzidi bei ya kompyuta.

Jambo la pili ni umbo, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure. Kompyuta kama ThinkPad T440 hutumia SSD ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7. HP EliteBook 840 G3 ina nafasi ya inchi 2.5 na pia ya M.2, yaani SSD yenye umbo la kadi ndogo nyembamba, ilhali kompyuta nyembamba za miaka ya karibuni zina M.2 peke yake. M.2 nayo si moja. Namba 2280 ina maana ya upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. Ziko pia 2242 na 2230. SATA ni njia ya zamani ya SSD kuwasiliana na kompyuta, na NVMe ni mpya yenye kasi zaidi. Yenye pengo moja kwenye meno yake mara nyingi ni NVMe, na yenye mapengo mawili mara nyingi ni SATA, na zipo kompyuta zinazopokea SATA tu hata kama NVMe inaingia vizuri kwenye nafasi yake. Ipeleke SSD mbovu dukani mkononi, au piga picha ya lebo yake. Ukifungua na kukuta kwamba hifadhi imechomelewa kwenye ubao mama, kama ilivyo katika MacBook zote zenye chipu za M1 na zilizofuata, mwongozo huu hautakufaa.

Mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza naipa SSD ya SATA ya inchi 2.5 yenye DRAM yake, yaani kumbukumbu ya muda inayokisaidia kidhibiti kusoma ramani ya data, kwa yeyote ambaye kompyuta yake inaipokea. Najua wauzaji watakuonyesha NVMe na kukwambia kwamba ina kasi mara sita, na ni kweli kwamba SATA huishia karibu megabaiti 550 kwa sekunde wakati NVMe za kawaida huvuka 3,000. Lakini mwalimu anayeandika mitihani, karani wa SACCOS au mwanafunzi wa Mkwawa anayehangaika na tasnifu hataiona tofauti hiyo katika kazi zake. Atakachokiona ni kwamba SSD ya inchi 2.5 hutolewa kwa skrubu chache na huunganishwa na kompyuta yoyote kwa waya wa bei ndogo wa USB, kwa hiyo ubao mama ukifa, kazi zake anazipata siku ileile. Hiyo ni faida kubwa mahali ambapo mafundi wenye vifaa vyote ni wachache. Samsung 870 EVO ya gigabaiti 500 imepewa na kiwanda dhamana ya miaka 5 au terabaiti 300 za kuandikwa, kitakachotangulia. Crucial MX500 ya ukubwa huohuo ina miaka 5 au terabaiti 180. Kuhusu Crucial, fahamu kwamba Micron, kampuni inayomiliki jina hilo, ilitangaza Desemba 2025 kuiacha biashara ya bidhaa hizo kwa wateja wa kawaida, kwa hiyo utakazokutana nazo ni za akiba iliyobaki.

Nafasi ya pili, ambayo kwa mwenye M.2 peke yake ndiyo ya kwanza, ni NVMe ya daraja la kati yenye seli za TLC (kila seli huhifadhi biti tatu), kama WD Blue SN580 au Samsung 980. Hizi hazina DRAM yao wenyewe, bali huazima sehemu ndogo ya kumbukumbu ya kompyuta, na kwa matumizi ya kawaida hilo linatosha. Kila moja, kwa ukubwa wa gigabaiti 500, imepewa miaka 5 au terabaiti 300. Zipime terabaiti hizo kwa hesabu rahisi: anayeandika gigabaiti 20 kila siku atazimaliza baada ya siku 15,000, yaani miaka 41. Kwa hiyo usiogope kwamba SSD itachakaa kwa kuandikwa. Kinachoiua kwa kawaida ni kidhibiti au umeme, na namba ile inakufaa zaidi kama kipimo cha kiasi ambacho mtengenezaji mwenyewe yuko tayari kuitetea bidhaa yake.

Nafasi ya tatu ni zile za bei nafuu za viwanda vinavyojulikana: Kingston A400, Crucial BX500 na Kingston NV2. Dhamana yake ni miaka 3. NV2 ina jambo moja lisilonipendeza, kwamba kiwanda hakijifungi kutumia kidhibiti au chipu za aina moja, hivyo aliyoisifia jirani yako huenda si sawa ndani na utakayouziwa wewe. Hata hivyo, kwa mwenye fedha kidogo ni chaguo halali. Ukinunua A400, chukua ya gigabaiti 480 badala ya 240 kama unaweza: terabaiti zake za kuandikwa ni 160 dhidi ya 80, na SSD isiyojazwa pomoni hufanya kazi vizuri zaidi. Mimi huacha wazi angalau sehemu moja kati ya tano.

Ya nne itawashangaza baadhi ya wasomaji: SSD iliyotumika, iliyotolewa kwenye kompyuta za maofisini, ya Samsung, SK Hynix au Toshiba. Mwambie muuzaji aiunganishe mbele yako na kufungua programu ya CrystalDiskInfo, usome asilimia ya afya, saa za kuwashwa na kiasi kilichoandikwa. Akikataa, ondoka. Yenye afya ya asilimia 90 na kuendelea naiamini kuliko mpya ya nafasi ya mwisho.

Nafasi hiyo ya mwisho ni ya SSD zisizo na jina, na hasa zile zinazodai terabaiti 2 kwa bei ya gigabaiti 256. Programu dhibiti yake imefundishwa kuidanganya kompyuta; utaandika faili bila kuona kosa, kisha za zamani zitafutwa kimyakimya na mpya. H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux huijaza diski yote na kuisoma upya, na udanganyifu hujitokeza. Fanya kipimo hicho kwa SSD yoyote mpya ndani ya siku ambazo duka linakubali kurudishiwa.

Mwanjelwa, Miyomboni au Kariakoo

Bei ya Kariakoo huwa ya chini, na mzigo hupakiwa kwenye basi na kufika baada ya safari ya zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya. Kasoro huonekana pale bidhaa inapotakiwa kurudi. Nauli ya mzigo ni yako kwenda na kurudi, siku zinapita, na muuzaji hakuoni uso. Dhamana ya kiwandani ya miaka 5 haikusaidii sana kama duka lililokuuzia halitaipokea, kwa hiyo uliza dhamana ya duka lenyewe na itake iandikwe kwenye risiti ya EFD pamoja na namba ya utambulisho iliyo kwenye lebo. Duka la Mwanjelwa hapa Mbeya au la Miyomboni pale Iringa likizidi bei kidogo lakini likakubali masharti hayo, mimi hununua hapo. Ukilazimika kuagiza, omba picha ya lebo kabla ya kutuma fedha, na uihakiki namba hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Fundi akikuambia ulipie upya leseni ya Windows, mweleze kwamba leseni ya kidijitali imefungwa kwenye ubao mama, hivyo ukiweka toleo lilelile kwa flashi ya gigabaiti 8 itajitambua ukiunganisha intaneti. Wakati huohuo iandike mahali namba ya kufungulia ya BitLocker, mfumo wa Windows wa kufunga data kwa siri, yenye tarakimu 48, kama kompyuta yako inaitumia, kwa sababu bila hiyo hata SSD nzima ikiunganishwa kwenye kompyuta nyingine haifunguki.

Fedha inayobaki inunue diski ya nje ya kawaida, ile yenye sahani, kwa ajili ya nakala rudufu. SSD haifai kuwekwa kabatini kwa miaka: kiwango cha JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya chipu, kinaitaka SSD ya matumizi ya kawaida, ikiwa imeshamaliza uwezo wake wa kuandikwa, itunze data bila umeme kwa mwaka 1 katika nyuzijoto 30, na hakidai zaidi ya hapo. Mimi hunakili kila Ijumaa jioni kabla ya kufunga ofisi. Alama za muhula huu ziko kwenye diski hiyo, na nakala ya pili anayo mwalimu mwenzangu anayeishi Iyunga.