Siku tatu katika basi la viti 16: Uzoefu wangu wa safari ya kikundi kaskazini mwa Uskoti

Shangazi yangu alipokuja Coventry mwezi Juni kunitembelea, akitokea Lushoto, alinieleza mapema kwamba London ameshaiona vya kutosha kwenye televisheni na kwamba angependa kupelekwa mahali penye milima. Mimi sina leseni ya udereva, na hata ningekuwa nayo nisingethubutu kuendesha gari katika barabara za kaskazini mwa Uskoti, ambazo nyingine hazina upana wa kupitisha magari mawili kwa pamoja. Nilikata tiketi mbili za safari ya kikundi ya siku tatu, kutoka Edinburgh hadi kisiwa cha Skye na kurudi, kwa basi dogo la viti 16. Maelezo niliyoyasoma kabla ya kulipa yalisifu sana mandhari, wala sikuona uongo ndani yake, lakini yaligusia kidogo mno vitu ambavyo abiria anavinunua hasa, yaani kiti, dereva, na muda uliokatwa vipande. Ndivyo nitakavyovieleza hapa, nikiwafikiria zaidi wanaosafiri na wazee wao.

Bei niliyolipa ilikuwa ya basi na dereva peke yake. Malazi ya usiku mbili mjini Portree, huko Skye, chakula, na viingilio vya makasri vyote vililipwa kando, na ingawa jambo hilo limeandikwa kwenye masharti, limeandikwa mwishoni na kwa herufi ndogo, kiasi kwamba mtu anayelinganisha bei za makampuni mbalimbali anaweza kudhani amepata nafuu ilhali hajaipata. Kwa kuwa Juni ni msimu wa watalii, chumba chetu katika nyumba ya wageni kilikaribia kugharimu sawa na tiketi zenyewe. Zipo pia safari za siku moja zinazokwenda ziwa la Loch Ness na kurudi Edinburgh usiku wa siku hiyo hiyo, lakini hizo huchukua takribani saa 12, nyingi kati ya hizo mtu akiwa amekaa kitini, na kwa mama wa miaka 67 mwenye magoti yake niliona hiyo ingekuwa adhabu. Mizigo imewekewa kikomo cha begi moja dogo kwa kila abiria. Sanduku kubwa la shangazi tulilikabidhi kwenye chumba cha kutunzia mizigo stesheni, baada ya mabishano ambayo sitayasimulia.

Tuliondoka saa mbili kamili asubuhi. Dereva ndiye pia mwelezaji wa safari. Anaendesha huku akizungumza kwa kipaza sauti kilichofungwa kichwani, na lafudhi yake ilikuwa nzito kiasi kwamba mimi, niliyeishi Uingereza kwa miaka 19, nilikuwa nikimfasiria shangazi nusu ya maneno na kuibuni nusu iliyobaki. Ifikapo mchana nilikuwa nimemzoea. Alikuwa mtu mwenye maarifa mengi, akizungumza bila kusoma maelezo popote, na alipoona kwamba shangazi anaamkiwa kwa namna ya pekee, aliniuliza neno lenyewe ni lipi. Kuanzia asubuhi ya pili alimwamkia "shikamoo" kwenye ngazi ya basi, naye akaitikia "marahaba" kwa uzito uleule anaowaitikia wajukuu zake.

Stirling tuliiona kupitia dirishani. Basi lilianza kupanda, miti ikapungua, na tulipofika kwenye uwanda wa Rannoch shangazi aliacha kuzungumza kwa muda mrefu, akawa anatazama maji meusi, mawe na majani ya rangi ya kutu yasiyo na nyumba hata moja, kisha akaniambia nimuulize dereva watu wa huku wamekwenda wapi. Niliuliza. Kuhusu uwanda huo wenyewe alijibu kwamba ni kinamasi na baridi, haukuwahi kukaliwa na wengi. Kuhusu mabonde tutakayoyapita baadaye, alisema, jibu ni jingine: kuanzia karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19, wamiliki wa ardhi waliwaondoa wapangaji wao ili wafuge kondoo, kwa kuwa kondoo walilipa zaidi kuliko watu. Wengine walihamishiwa pwani wakavue samaki na kuvuna mwani, na wengine wakapakiwa kwenye meli za kwenda Amerika Kaskazini. Nyuma yetu walikaa mume na mke kutoka Nova Scotia nchini Kanada, na yule mume alisema kwa sauti ya chini kwamba mababu zake walitoka Skye.

Glencoe ni bonde ambalo picha hazilitendei haki, kwa sababu picha haionyeshi jinsi kuta zake zinavyousogelea mwili wa mtu anayesimama barabarani. Tulipewa dakika 20. Hapo ndipo askari wa serikali, ambao walikuwa wamelala na kula kwa ukoo wa MacDonald kwa karibu wiki mbili, walipowageukia wenyeji wao alfajiri ya tarehe 13 Februari 1692 na kuwaua watu wapatao 38. Wengine walikufa kwa baridi milimani walikokimbilia. Dereva alieleza kwamba kilichowauma watu wa huku mpaka leo ni kuvunjwa kwa heshima ya ugeni. Shangazi, baada ya kufasiriwa, alisema kuwa wangewapa jembe siku ya tatu yasingetokea hayo. Sikumfasiria dereva kauli hiyo papo hapo, ila nilimweleza jioni, akacheka sana, akataka kuijua methali nzima.

Mlima Ben Nevis, wenye mita 1,345, ulikuwa ndani ya mawingu. Nilipomweleza shangazi kwamba hicho ndicho kilele kirefu kuliko vyote katika Uingereza, Uskoti na Wales kwa pamoja, alinikumbusha kwamba mji wa Lushoto uko kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,400, kwa hiyo kilele hicho kinalingana na baraza ya nyumba yake. Kwa kasri la Eilean Donan sikuwa na shauku kubwa baada ya kujua kwamba lililipuliwa mwaka 1719 na kwamba hili tunalolipiga picha lilijengwa upya kati ya mwaka 1912 na 1932, ingawa nakiri kwamba limekaa mahali pazuri mno. Muda mfupi baadaye tukavuka daraja la Skye, lililofunguliwa mwaka 1995 likiwa la kulipia, na wakazi wakagoma na kushtakiwa mahakamani mpaka tozo hiyo ilipofutwa mwaka 2004. Wasomaji wa Kigamboni, Dar es Salaam, ambako daraja nalo lilifunguliwa likiwa la kulipia, wataelewa kwa nini hadithi hii niliisikiliza kwa makini kuliko ile ya kasri.

Sasa nifike kwenye viti, kwa sababu hapa ndipo penye lalamiko langu kubwa. Asubuhi ya kwanza dereva alitangaza kwamba kila siku tutabadilishana nafasi ili wote wapate kukaa mbele. Jambo hilo halikufanyika. Abiria wawili walikaa viti vya mbele siku ya kwanza, wakavikalia siku ya pili, na siku ya tatu walifika mapema zaidi ya wote ili wasinyang'anywe, huku shangazi, ambaye hupata kichefuchefu kwenye kona, akiwa juu ya gurudumu la nyuma. Nilimwomba dereva aingilie kati. Alinijibu kwa adabu kwamba kampuni inawaachia abiria waelewane wenyewe. Abiria wasiofahamiana, wanaozungumza lugha tano tofauti, hawawezi kuelewana wenyewe. Ndiyo maana wamelipa ili awepo mtu wa kuwaongoza. Aliyetuokoa ni mzee mmoja Mjerumani, mwalimu mstaafu aliyekaa safu ya pili, ambaye alimwona shangazi akijipepea kwa ncha ya khanga, akasimama bila kuombwa na kumpisha. Shangazi alimlipa kwa visheti alivyokuja navyo kutoka nyumbani, na kuanzia hapo visheti vikawa vinazunguka basi zima kila baada ya chakula cha mchana, hata wale wawili wa mbele wakala.

Siku ya pili yote tuliitumia ndani ya Skye, upande wa rasi ya Trotternish. Barabara nyingi huko zina njia moja tu, na kila baada ya umbali mfupi pamechimbwa sehemu ya kupishana, ambapo gari moja husubiri jingine lipite, kisha madereva wakapungiana mikono. Hapo niliona thamani ya dereva mwenyeji, kwani tulikuta watalii waliokodi magari wakishindwa kurudi nyuma, na foleni ikijipanga kwa sababu yao. Kwenye Old Man of Storr, lile jabali lililosimama peke yake kama kidole, mimi na wanafunzi wawili kutoka India tulipanda kwa haraka, tukafika karibu na shina lake tukiwa tunahema, tukashuka mbio, tukakuta basi limeshawashwa. Saa moja haitoshi mahali pale. Mwenye kutaka kupanda kwa utulivu na kukaa juu atahitaji angalau saa mbili, na safari ya kikundi haitampa.

Quiraing, ambako ardhi ya mlima imeporomoka kwa hatua tangu enzi za kale na bado inasogea, kiasi kwamba barabara iliyo chini yake hukarabatiwa mara kwa mara, ndiko nilikotamani zaidi kwenda. Matembezi ya dakika 45 yalikuwa yameandikwa kwenye ratiba. Tulipofika, maegesho yalikuwa yamejaa, tukapita bila kusimama. Sikumlaumu dereva kwa maegesho, lakini tulikuwa tumepoteza dakika 40 dukani mjini Portree asubuhi hiyo, tukiwasubiri watu walionunua sweta. Hata hivyo, alasiri, yule Mkanada alipoona kuta za mawe za nyumba zisizo na paa kando ya njia na kuomba dakika chache, dereva alisimamisha basi, akazima injini, akashuka naye, na hakuna aliyetazama saa. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi ninapopima kama nilidhulumiwa siku ile.

Ajitayarishe pia mtu na usubi. Wadudu hao ni wadogo kuliko mbu, hutoka kwa makundi wakati hakuna upepo, kuanzia mwezi Mei hadi Septemba, na wanauma kichwani mpaka ndani ya nywele. Watalii wenzetu walijipaka dawa; shangazi alijitanda khanga mbili na kubakiza macho tu, na ndiye pekee ambaye hakujikuna usiku. Nyama si rahisi kwa Waislamu. Haggis, chakula chao cha moyo, ini na mapafu ya kondoo vilivyochanganywa na nafaka iitwayo oats, haikuwa ya kuchinjwa kihalali popote tulipouliza, lakini mahoteli mengi yana ile ya mboga na dengu, nayo ina ladha nzuri. Tulichokipenda zaidi ni supu ya samaki wa moshi, viazi na maziwa iitwayo Cullen skink, ambayo shangazi aliikubali kwa sharti kwamba siku nyingine watie tui la nazi. Kuhusu sala, jua la Juni lilizama baada ya saa nne usiku, kwa hiyo magharibi ilitukuta tumeshavaa nguo za kulalia, na adhuhuri mbili tulisali kando ya maziwa huku dereva akituonyesha kusini ni wapi kwa kidole, nasi tukikadiria kibla kutokea hapo.

Siku ya tatu ni ndefu na ina vituo vingi vifupi. Fort Augustus tulitazama mashua zikishushwa kwenye milango mitano ya maji ya mfereji wa Caledonian, uliofunguliwa mwaka 1822, na hapo shangazi alikaa kwenye benchi kwa raha kuliko mahali pengine pote. Loch Ness ina kina cha mita 230 hivi, wakati Ziwa Victoria halizidi sana mita 80, na maji ya Loch Ness ni meusi kwa udongo wa kinamasi, kwa hiyo sishangai kwamba watu wamedai kuona dubwana ndani yake. Culloden, ambako jeshi la Charles Edward Stuart, aliyetaka kuirudishia familia yake kiti cha ufalme wa Uingereza, lilishindwa tarehe 16 Aprili 1746 katika vita visivyofika saa moja, tulipewa dakika 30, nazo ziliishia kwenye mlango wa jumba la makumbusho. Baada ya hapo ilikuwa barabara kuu moja kwa moja, wengi wakasinzia, tukaingia Edinburgh saa mbili na nusu usiku badala ya saa moja na nusu. Tulikuwa tumepanga kulala huko. Wanafunzi wa Kihindi hawakupanga hivyo, na treni yao iliwaacha.

Niliiandikia kampuni kuhusu mambo mawili, Quiraing na viti. Baada ya siku tisa walinirudishia sehemu ya nauli kwa ajili ya matembezi yaliyokosekana, na wakaomba radhi kwa maneno mazuri. Kuhusu viti walisema wanashukuru kwa maoni yangu. Nikisafiri tena nao nitachagua tena basi la viti 16 na si lile kubwa, nitachagua siku tano badala ya tatu, na nitafika kituoni nusu saa kabla ya wale wawili.