Carpentries Workbench: nimeitumia kutunza masomo yetu ya kuprogramu, haya ndo maoni yangu

Wadau nianze na kilichonileta huku. Mimi na wenzangu watatu tunaandika masomo huria ya kuprogramu, Python ya kuanzia, terminali (lile dirisha la kuandikia amri) na Git (chombo cha kufuatilia mabadiliko ya faili), yote yako GitHub, tovuti ya kuhifadhia miradi ya Git, na yeyote anaruhusiwa kuyachukua akafundishie. Kuandika kulituchukua kama miezi mitatu hivi, tukafurahi, tukajua kazi imeisha. Kumbe ndo kwanza ilikuwa inaanza. Somo la kuprogramu haliharibiki siku moja, linaharibika kidogo kidogo huku umelala, alafu unakuja kugundua siku umesimama mbele ya watu.

Kwetu siku yenyewe ilikuwa kwenye somo la Git. Ukurasa wetu ulikuwa bado unasema ukifika kwenye git push, yaani amri ya kupeleka kazi yako GitHub, andika jina lako na nywila yako, wakati GitHub waliacha kupokea nywila kwa njia hiyo tangu tarehe 13 Agosti 2021 na sisi ule ukurasa hatukuugusa. Basi watu kumi na nane wanaandika nywila sahihi kabisa, inakataa, wanarudia, inakataa, dada mmoja aliyekaa mbele akaniambia kwa sauti ya chini "mwalimu, nadhani haya mambo mimi siyawezi". Na hakuwa amekosea kitu hata kimoja! Kosa lilikuwa kwenye ukurasa wetu. Ile kauli iliniuma kuliko yote na toka siku hiyo nikaanza kutafuta chombo cha kutusaidia kutunza somo, maana vya kuandikia tu vimejaa.

Ndo nikakutana na Workbench ya The Carpentries. Kwa wasiowajua, hawa mizizi yao ni Software Carpentry, iliyoanzishwa 1998 na Greg Wilson na Brent Gorda ili kuwafundisha wanasayansi kuandika programu vizuri, baadae ikaja Data Carpentry, 2018 wakaungana wakawa kitu kimoja. Masomo yao yanaandikwa na kutunzwa na watu wengi wanaojitolea, kwahiyo shida ninayoisema hapa wameishi nayo miaka na miaka. Workbench yenyewe ni vifurushi vitatu vya lugha ya kuprogramu ya R vinavyoitwa sandpaper, pegboard na varnish, majina ya karakana ya seremala kabisa, msasa na vanishi, na 2023 wakayahamishia masomo yao rasmi huko.

Kilichonishika moyo kwanza ni jinsi walivyotenganisha maandishi na mitambo. Templeti yao ya zamani ilitumia Jekyll, chombo cha kujengea tovuti, na vitu vyote vya kujengea vilikaa humo humo kwenye repo (folda ya mradi huko GitHub) ya kila somo, na sisi tulikuwa tumejenga kwa mtindo huo huo. Ukibadilisha kitu kidogo kwenye muonekano inabidi ukiingize somo la kwanza, la pili, la tatu, na kila mahali mabadiliko yanagongana, unamaliza jioni nzima unasuluhisha migongano kwenye faili ambazo mwanafunzi hatakaa azione. Kwenye Workbench repo ya somo inabaki na kurasa zako tu na faili ya mipangilio ya config.yaml, kurasa za somo zinakaa folda ya episodes, za wanafunzi learners, za wakufunzi instructors, basi. Muonekano wote uko varnish, ikitoka mpya masomo yote yanaipata na wewe hujagusa mstari. Mtu mpya akija kuchangia anafungua folda anaona maandishi, haogopi.

Kuandika ni Markdown ya kawaida, yaani maandishi matupu yenye alama chache za kupanga ukurasa, ila zoezi unalizungushia nukta mbili mbili nyingi na neno challenge, jibu lake unaliweka ndani kwa solution, na kwenye ukurasa jibu linatokea limefungwa mpaka mwanafunzi alibonyeze. Ukisahau kufunga moja wapo unaambiwa hazilingani. Kila ukurasa lazima uanze na maswali na malengo, uishie na mambo ya kukumbuka, mwanzoni niliona usumbufu ila nikaja kuona kwamba ukurasa ambao nashindwa kuuandikia malengo mawili matatu basi mara nyingi ni ukurasa ambao mwenyewe sijajua unafundisha nini. Tulikuwa na kurasa mbili za namna hiyo, mmoja tuliufuta, mwingine tukaugawa.

Alafu dakika. Juu ya kila ukurasa unaandika dakika za kufundisha na dakika za mazoezi, yenyewe inajumlisha na kutengeneza ratiba. Somo letu la Python siku zote tulikuwa tunawaambia watu ni la nusu siku. Tulipoweka dakika kwa ukweli wa Mungu ikatoka masaa saba na ushee, na hapo ndo nikaelewa kwanini kila darasa tulikuwa tunaishia katikati ya functions na watu wanaondoka hawajafika kwenye kusoma faili, kitu walichokuja kukitafuta.

Sasa nije kwenye utunzaji wenyewe maana hapa ndo pesa ilipo. Pegboard inakagua somo zima: vichwa vya habari vimeruka ngazi, linki za ndani zinaelekea faili ambayo haipo, linki imeandikwa "bonyeza hapa" tu bila kusema inakwenda wapi, picha haina maelezo. Hili la picha naomba nilisemee. Karibu picha zetu zote zilikuwa hazina maelezo, na tuna mwanafunzi mmoja asiyeona ambaye kompyuta yake inamsomea ukurasa kwa sauti. Kwa muda wote ule kila alipofika kwenye mchoro wa matawi ya Git alikuwa anasomewa jina la faili tu. Tulikaa wiki mbili tunaandika maelezo ya kila mchoro na yeye mwenyewe akatusomea akatuambia hili linaeleweka hili halieleweki, na sitakaa niandike somo bila kufanya hivyo tena. Ila mjue linki za nje haikukagulii kama bado ziko hai, hilo utalitafuta mwenyewe.

Kingine, mtu akituma mabadiliko kupitia GitHub, somo linajengwa lenyewe na maoni yanawekwa pale pale kuonyesha kurasa zipi zimebadilika na kivipi. Mtu anarekebisha herufi mbili kwa simu na mimi naona matokeo bila kushusha chochote. Kabla ya hapo maombi ya watu yalikuwa yanakaa kwetu miezi, siyo kwamba tulikuwa wavivu, ni kwamba kila moja lilihitaji mtu akae kwenye kompyuta ajenge aangalie, na mtu aliyetuma akikaa miezi miwili hajajibiwa harudi tena, na ana haki. Sasa hivi tunajitahidi zisipite siku saba.

Mapungufu yapo na nayasema wazi. Kujaribu kwenye kompyuta yako inabidi uinstali R na Pandoc (programu ya kugeuza maandishi kutoka muundo mmoja kwenda mwingine), na ukiwa na timu ya watu wa Python watupu watakuuliza R inatuhusu nini. Ukishaviweka ni sandpaper::serve() tu, ukurasa unafunguka kwenye brauza na kila ukisevu unabadilika, lakini ile hatua ya kwanza inawakatisha tamaa watu. Sisi tukaamua wawili ndo wana R, wengine wanahariri GitHub moja kwa moja.

La pili ni zito zaidi. Kodi (code) ya R ukiiandika kwenye R Markdown, ile Markdown inayochanganywa na kodi ya R, inakimbizwa ukurasa wake ukijengwa upya, ikivunjika unajua. Kodi ya Python iliyowekwa kwenye Markdown ya kawaida haikimbizwi, ni maandishi tu, matokeo unayapesti kwa mkono, kwahiyo somo linaweza kupita ukaguzi wote huku mfano wake haufanyi kazi. Kama somo lako zima ni Python na una matokeo mengi, angalia Jupyter Book kwanza maana yenyewe inaweza kukimbiza kodi wakati wa kujenga, na watu wa Rust wana mdBook ambayo inajaribu mifano yako ya Rust kwa amri moja ya mdbook test. Sisi tulibaki Workbench lakini tukaandika kiprogramu kidogo kinachochomoa vipande vya Python kwenye kila ukurasa na kuvikimbiza kila Jumatatu. Wiki ya kwanza tu kilikamata df.append kwenye kurasa tatu, amri ya kuongeza mistari kwenye jedwali ambayo iliondolewa kwenye pandas 2.0, maktaba ya Python ya kuchakata data, mwaka 2023. Kurasa tatu! Na tulikuwa tumezisoma mara ngapi sijui.

Leseni imekaa vizuri, somo jipya linakuja na faili yake tayari, maandishi CC BY 4.0 na kodi MIT, inayosema chukua, badilisha, fundishia, mradi utaje ulikotoa. Usiwe mzembe hapa jamani, nimeona masomo mazuri sana yamekaa wazi mtandaoni bila leseni yoyote na hakuna anayeweza kuyagusa kihalali. Na kwenye config kuna sehemu ya kusema somo liko hatua gani, pre-alpha, alpha, beta au stable, tumieni kwa uaminifu maana mkufunzi anayelichukua kesho anapanga darasa lake kwa neno hilo.

Kwa hiyo mimi nawapa nne kwa tano, hiyo moja niliyokata ni ya kodi ya Python. Ukiwa na kurasa mbili tatu za maelezo usijisumbue, faili moja ya maelezo ya README inatosha. Ukiwa na masomo matatu na watu wanne wa kuyatunza kama sisi, chukua.

Tumebakiza somo la terminali, tunahamisha ukurasa mmoja kila Jumamosi, na pale tulipokwama ni kwenye michoro yenye maandishi ndani yake, maana ukitaka kubadilisha neno moja inabidi uchore upya mchoro mzima. Kama kuna mdau ameshalitatua hili, tafadhali niambie ulihifadhi vipi faili asili za michoro na nani kwenye timu yenu anazishika.