Ruta ya 4G yenye "300" kwenye boksi: miezi minne baadaye

Ruta hii, kile kifaa cha kugawa intaneti ya laini ya simu kwa Wi-Fi, niliinunua Kampala kwa shilingi 185,000, na sababu ilikuwa moja tu: boksi lake lina 300 iliyoandikwa kubwa kuliko jina la kampuni. Mimi hupiga video za harusi na kwanjula (sherehe ya kutambulisha wachumba) hapa Bombo, na wateja wangu wengi wana ndugu Uingereza wanaosubiri faili. Nilipiga hesabu nikiwa bado dukani: video ya GB 8, kasi 300, nusu dakika imefika.

Faili la kwanza lilichukua karibu saa tatu kupanda, yaani kutoka kwangu hadi mtandaoni.

Nikampigia muuzaji. "Dada, mtandao wa huko kwenu ndio mbovu," akasema, akakata simu. Jibu hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu halikuwa kweli. Mpwa wangu, fundi wa kompyuta kule Wandegeya, alipokuja Idi ndiye aliyelishika boksi akanisomea mstari kwa mstari. "Mama mdogo, tuanze na herufi."

Boksi linasema Mbps, yaani biti milioni ngapi kwa sekunde: b ndogo, na hiyo ni biti. Kompyuta ikishusha faili huonyesha MB, B kubwa, yaani baiti. Baiti moja ina biti nane. Kuna siku kipimo cha kasi kilinionyesha 24 na kompyuta ikanionyesha 3, nikaamini naibiwa data. Kumbe vyote viwili vilisema jambo lile lile. Na video yangu ya GB 8, ukiihesabu kwa kipimo cha boksi, ni biti bilioni 64. Ruta ilikuwa ikipandisha Mbps 6. Gawanya mwenyewe, utazipata zile saa tatu.

Lakini kilichonikasirisha zaidi ni ile 300, maana si kasi ya intaneti kabisa. Ni kikomo cha Wi-Fi, kati ya ruta na kompyuta, humo humo chumbani, na hata hapo hufiki: ukuta wa matofali unaipunguza, kifaa cha jirani kinaipunguza. Kasi ya kutoka mnarani hadi kwenye ruta imeandikwa ubavuni kwa maandishi ya kukodolea macho: LTE Cat 4, yaani 4G ya daraja la nne. Aina hiyo mwisho wake ni 150 kushusha na 50 kupandisha, na mnara huo unagawana na mtaa mzima. Tena tundu la waya nyuma ya ruta ni la 100, kwa hiyo hata 150 ikifika yote haitapita kwenye waya mmoja. Mimi mkate wangu uko kwenye kupandisha, na namba hiyo haikuandikwa popote kwenye boksi. Mtu anayelipa pesa ya jasho ana haki ya kuiona kabla hajafungua mkoba.

Kifaa chenyewe hakina ubaya. Hakipati moto, simu zote za nyumbani zinashika, na laini huingia bila kubembeleza. Betri hakina, umeme ukikatika kinazima. Mpwa alikihamisha kutoka juu ya kabati akakiweka dirishani upande wa mnara, na kupandisha kukatoka 6 hadi 11. Sasa video ya GB 8 inamaliza kwa saa moja na nusu hivi. Naiwasha baada ya Isha, nikilala imeshafika.

Naipa nyota tatu. Mbili nimezikata kwa ajili ya boksi. Ukienda kununua, acha namba ya mbele, tafuta mstari wa LTE, kisha omba waweke laini upime palepale, kushusha na kupandisha. Mwezi jana nilimsindikiza dada yangu duka jingine. Walituwekea laini bila maneno, tukasoma 9 kupandisha tukiwa kaunta, ndipo akalipa.