Kutoka 6D hadi R6: uzoefu wangu kwenye harusi za Unguja

Kamera yangu ya kazi kwa muda mrefu ilikuwa Canon 6D, DSLR (kamera yenye kioo ndani kinachopeleka picha kwenye tundu la kuchungulia) iliyotoka mwaka 2012. Ilipofika zamu ya kuibadilisha, mbele yangu palikuwa na kamera mbili za mkono wa pili, bei zao zimekaribiana: 5D Mark IV, DSLR ya mwaka 2016, na R6, mirolesi, yaani kamera isiyo na kioo hicho, ya mwaka 2020. Nikachukua R6. Si kwa sababu picha zake ni nzuri zaidi. 5D Mark IV ina megapikseli 30 na R6 ina 20 tu, na mteja akifungua albamu hawezi kukwambia ipi imepigwa na kamera gani. Kilichoniamulia ni aina ya kazi ninayofanya.

Mie napiga harusi za wanawake. Kwa asiyezijua: siku hiyo mwanamume hapiti mlangoni, wageni wengi huambiwa simu zikae mkobani, na mpigapicha sharti awe mwanamke. Kabla ya ukumbi kuna chumbani kwa biharusi, hina na piko, dirisha moja la nuru na shangazi wanane wamejipanga kitandani.

Humo chumbani ndimo DSLR iliponichosha. Kila ukibonyeza, kioo cha ndani kinaruka juu, shata (pazia la ndani linalopitisha mwanga) inafunguka, kioo kinashuka tena. Mchana barabarani husikii kitu, lakini somo, yaani kungwi, anapozungumza na biharusi kwa sauti ya chini, au dua inaposomwa, mlio ule unageuza vichwa vyote. Bibi mmoja kule Makunduchi aliniuliza, "Mwanangu, hicho kidude chako kinatafuna nini?" R6 ukiiweka kwenye shata ya elektroniki haitoi sauti yoyote. Watu hunisahau pembeni na kuendelea na mambo yao, na picha za namna hiyo ndizo akina mama wanazozililia baadaye.

Ila kimya hicho kina masharti, na wauzaji hawakwambii. Shata ya elektroniki husoma sensa (kile kibamba cha ndani kinachonasa picha) mstari mmoja baada ya mwengine, na taa nyingi za LED huwaka na kufifia kwa kasi ambayo jicho halioni. Vikikutana hivyo viwili, gauni jeupe linatoka na michirizi ya mwanga na giza kama shuka la kikoi. Kumbi zetu sasa zimejaa taa za LED za kila rangi. Tena kwenye R6, ukichagua shata ya elektroniki, flashi haiwaki kabisa. Kwa hiyo natumia kimya chumbani kwa mwanga wa dirisha, na tukifika ukumbini narudi kwenye shata ya kawaida. Hata hiyo haina kelele za 6D, maana hakuna kioo cha kupigapiga.

Ukumbini faida yake ni fokasi. 6D ina nukta 11 za fokasi, na gizani ya kuaminika ni ile ya katikati peke yake. Unaifungia jichoni, unasogeza kamera upange picha, na biharusi keshageuka. R6 inatafuta jicho yenyewe na kulifuata akitembea. Shela yenye nakshi nzito ikimfunika uso huwa narudi kwenye nukta moja kama zamani, lakini hayo ni dakika chache za shughuli nzima.

Jambo jengine ni kuona mwanga kabla ya kubonyeza. Kwenye mirolesi kile unachokichungulia ni skrini ndogo, kwa hiyo ukizidisha au ukipunguza mwanga unaona hapohapo. Maharusi wengi wanataka picha za jua kuzama, Kendwa au Nungwi, na pale jua liko nyuma yao, nguo ina vito vinavyometameta, uso uko kivulini. Zamani nilikuwa napiga, natazama nyuma ya kamera huku nimeikinga kwa mkono, nabadilisha, napiga tena. Jua la kwetu halisubiri hayo.

Sasa wepesi, ambao kila mtu anausifu. Usidanganyike. 6D na betri yake ni gramu 770 hivi, R6 ni 680. Lakini lenzi zangu zote ni za EF, ule mfumo wa Canon wa tangu 1987, na R6 inazipokea kwa kupitia adapta ya gramu 110. Jumlisha mwenyewe: nabeba kizito kuliko zamani. Adapta yenyewe sina neno nayo, haina kioo ndani, inajaza tu nafasi ya milimita 24 iliyobaki baada ya kioo cha DSLR kuondolewa. Lenzi yangu ya milimita 50 inashika fokasi vizuri zaidi humu kuliko ilivyokuwa kwenye 6D.

Betri ndiyo gharama ya kweli. Kwa vipimo vya Canon, 6D inapiga picha 1,090 kwa chaji moja ukitumia tundu la kuchungulia, R6 ni 380. Ukiwa harusi ya Wete, kule Pemba, na umeme umekatika, tofauti hiyo unaijua. Nafuu ni kwamba betri za LP-E6 za 6D zinaingia kwenye R6, ingawa zile kongwe zinapunguza kasi ya kupiga mfululizo. Video ya 4K nayo ina kikomo kwa sababu ya joto. Canon walitangaza dakika zake wakipimia nyuzi 23, na Januari yetu si nyuzi 23.

Na mchanga! Ukivua lenzi, sensa ya R6 iko wazi mbele yako, haina kioo cha kuikinga. Paje upepo wa kaskazi ukivuma sibadilishi lenzi nje hata kwa dawa; naingia garini.

Kuna mwanafunzi wangu anayepiga picha za pasipoti na mahafali ya skuli. Yeye nilimwambia achukue DSLR. Canon walishasema mwaka 2021 kwamba 1D X Mark III ndiyo DSLR yao kubwa ya mwisho, na watu wengi wanauza walizonazo ili wahame. Kwa pesa ya mirolesi ndogo anapata mwili mzuri wa kamera na lenzi mbili, betri inamaliza siku, na hakuna bibi wa kumuuliza maswali.

Mie kitu kilichonitoa wasiwasi kuliko vyote hata si cha mirolesi peke yake: nafasi mbili za memori kadi. 6D ina moja tu. Sasa kila picha inaandikwa mara mbili, na shughuli ikiisha kadi moja inabaki kwa mama wa biharusi, palepale, kabla sijavua viatu vya ukumbini.